Mtu Ambaye Hakuwa Chini ya Magunia

Likasi, mtaa wa Kikula
Jumapili, tarehe 17 Machi 2024

Mpendwa dada yangu, yaya Émérence,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mimi mdogo wako mpaka kuku wa wifi yako Mamie wanaotaga chini ya kitanda chetu. Mgongo uliokusumbua tangu Krismasi umetulia? Na shemeji Évariste, bado anakohoa kwa moshi wa kukaushia samaki, au sasa ameacha ubishi na kunywa dawa? Watoto nao, na mama mkwe wako, wanaendeleaje? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua haikutunyima kitu mwaka huu. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekomaa, na tunayala ya kuchoma kila jioni mpaka watoto wameanza kuyakimbia.

Barua hii inaletwa na mama Simone, yule jirani yetu anayekuja kwenu Kalemie kununua ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Anapanda lori Jumanne. Nimemwomba akupe mkononi mwako, asimwachie mtoto wala shemeji.

Utasema, huyu Barnabé ana simu, barua ya nini? Yaya, simu yako ni ya mtaa mzima. Ukipokea tu unaiweka sauti ya nje, watoto wanasalimia, mama mkwe anasalimia, hata jirani wa ng'ambo ya ua anajibu. Ninalotaka kukuambia haliwezi kupita mbele ya watu wote hao. Kama umekaa na watu sasa, ikunje kwanza, ukaisome mahali ulipo peke yako.

Habari za mwanao Franck nizitangulize, maana najua ndilo jina unalolitafuta kwenye karatasi. Plasta ilitolewa tarehe nne ya mwezi huu. Chuma kimebaki ndani ya mfupa, na daktari anasema kitakaa humo humo. Anatembea kwa magongo mawili kutoka kitandani mpaka langoni, na kurudi. Anakula vizuri, na kwenye mchezo wa dame anawashinda wanangu wote bila huruma. Goti ndilo halikunji. Daktari hakuzungukazunguka: kubeba mizigo basi, maisha yake yote.

Sasa nije kwenye lile uliloniagiza Jumapili iliyopita. Ulisema kanisa la mchukuzi mwenzetu Tshimanga linaandaa ibada kubwa ya shukrani siku ya Pasaka, kwa sababu Mungu alimtoa Tshimanga mzima chini ya magunia ya depo yetu, na kwamba Franck aliyevunjika mguu akimtafuta lazima asimame naye mbele ya watu. Chef Mathieu, mkuu wa depo, atakuwepo, naye atatangaza kwamba Franck anapewa nafasi ya pointeur, yule anayekaa mlangoni na kalamu akihesabu magunia yanayopita. Wewe mwenyewe unajiandaa kuja na kikapu cha samaki wa sadaka. Franck anakataa kwenda. Ukamwambia kwenye simu kwamba hana shukrani, kwamba hukumlea hivyo, kwamba Mungu atamgeuzia mgongo. Kisha ukanigeukia mimi: “Weye ndiye mujomba. Kama anakatala, umubebe ku mugongo.”

Simu ilikuwa mezani, yaya. Nilisikia kila neno, na Franck alisikia kila neno, nami nikaendelea kutazama sahani yangu.

Franck hana kosa. Mwenye kosa ni mimi. Sasa nimeshaliandika, acha niendelee kabla sijaogopa.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwa hiyo vumilia nikueleze. Mimi ni kapita, yaani msimamizi, wa wachukuzi wanane katika hangari ya kwanza. Tunapokea chokaa ya migodini, magunia juu ya paleti za mbao, tunayapanga safu ndefu zinazokaribia paa, kisha tunayapakia kwenye malori. Franck alikuwa hangari ya pili, na kapita mwingine. Kwenye mlango wa kila hangari pana ubao wenye misumari. Kila mchukuzi ana jetoni yake, kipande cha bati chenye namba. Asubuhi watu wangu wananipa jetoni zao langoni, mimi nazitundika zote, jioni nawarudishia. Jetoni ikiwa kwenye msumari, mtu yuko ndani. Ofisi haijui njia nyingine.

Kampuni nayo ina karatasi yake ya ruhusa za msiba. Baba, mama, mke, mume, mtoto, basi. Shangazi hayumo. Mjomba hayumo. Aliyeiandika sijui alilelewa na nani. Kwetu shangazi ni baba wa kike, huwezi kumzika kwa simu. Kwa hiyo wachukuzi wana desturi yao, niliikuta nilipoingia miaka kumi na tisa iliyopita. Mwenzako akiwa na kilio kisichoandikwa kwenye karatasi, anamwachia kapita jetoni yake jioni, inatundikwa asubuhi, na wengine wanabeba fungu lake. Mimi mwenyewe nilitundikiwa siku tatu tulipomzika mjomba wetu. Ulishangaa siku ile jinsi mabwana zangu walivyo na roho nzuri. Hawakuwa na habari.

Chef Mathieu alipokuja mwaka jana alilijua jambo hili haraka. Alitukusanya uani akasema, atakayetundika jetoni ya mwenziwe, wote wawili wanatoka langoni siku hiyo hiyo. Tukaitikia ndiyo chef, na tukaendelea kutundika.

Tshimanga ni mchukuzi wangu, namba kumi na nne. Mwezi wa kwanza shangazi yake aliyemlea alifariki Mulungwishi, ambako kwa pikipiki hata saa moja haifiki, na maziko yakapangwa Ijumaa tarehe 26. Aliomba ruhusa, chef akamwonyesha ile karatasi. Alhamisi jioni akanipa jetoni yake, nami nikaitia mfukoni.

Ijumaa saa nne asubuhi safu ya nyuma ikaanguka. Paa lilikuwa likivuja tangu Desemba, maji yakaingia kwenye magunia ya chini, paleti zikaoza. Hakuna mtu aliyekuwa pale, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Tulitoka mbio, weupe kama mikate ya unga, tukajipanga uani huku tunakohoa. Chef Mathieu akaenda kwenye ubao na kuanza kuita namba. Akafika kumi na nne. Hakuna aliyeitika.

Alinijia mimi. “Kapita, Tshimanga iko wapi?”

Nikasema, “Alikuwa kule nyuma, chef.”

Yaya, sikulipanga neno hilo. Nilifikiri ni la dakika tano tu, nitampigia simu, atakuja, nitasema alikuwa chooni. Lakini chef alikwisha kupiga kelele kwamba kuna mtu chini, na watu wakaingia kuchimba kwa mikono. Wale saba wangu walijua kwamba Tshimanga yuko kwenye kilio. Walinitazama. Kapita akinyamaza, kikosi kinanyamaza, ndivyo tulivyofundishana. Wakachimba kama watu wanaosubiri saa ya chakula. Watu wa hangari ya pili ndio waliokuja na nguvu zao zote, na wa kwanza alikuwa Franck.

Aliniita akiwa juu ya magunia, “Mujomba, iko upande gani?”

Nami nikanyoosha kidole. Nilionyesha pembe ya kushoto. Ningeweza kuonyesha popote, kwa sababu hapakuwa na mtu popote. Akaenda pembe ya kushoto. Mimi nikazunguka nyuma ya choo kumpigia Tshimanga, nikamwambia apande pikipiki sasa hivi, apite kwenye ukuta wa nyuma. Nilikuwa bado na simu sikioni niliposikia safu iliyobaki inashuka, halafu sauti ya mtoto wako.

Ilikuwa saa tano. Tulimtoa upesi, lakini mguu ulikuwa umekwisha. Tukamlaza kwenye paleti uani nyuma, kwenye kivuli, tukingoja gari. Hapo, yaya, hapo ndipo ningesema. Uchimbaji ulikuwa umesimama, watu wote wamesimama pale, neno moja lingetosha. Nilifungua kinywa nikaona chef Mathieu analia, nikakifunga. Nilijiambia sasa mambo yamekuwa makubwa mno.

Tshimanga alifika gari likiwa bado halijaja, na wengine walikuwa wamekwenda mbele kulingoja langoni. Aliruka ukuta na shati jeupe la kilio. Nilimpokea chini, nikampasulia gunia kichwani, nikampaka chokaa usoni, nikamsukuma apitie mlango mdogo wa nyuma ya hangari. Akatokea mbele akiyumba, macho mekundu kwa chokaa, akilia machozi ya kweli kwa sababu inaunguza. Watu walipiga kelele mpaka barabarani. Wengine wakaanza kuimba. Chef akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake iliyonyooshwa. Mtu mmoja akakimbia kumwambia Franck kwamba Tshimanga yu hai, na Franck akafumba macho. Nilidhani ni maumivu.

Tangu siku hiyo sina pa kugeukia. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu imekwenda mpaka madhabahuni. Mke wa Tshimanga, Fortunée, ndiye aliyetoa ushuhuda kwanza, naye hajui kitu. Alijua mume wake amekwenda kuzika. Tshimanga alimwambia kwamba aliwahi kurudi kazini saa tatu, naye akaamini. Wiki iliyofuata Tshimanga akaitwa mbele. Akasema maneno machache, watu wakayaongezea. Sasa wagonjwa wanakuja kumgusa shati. Kazini tunashika gunia moja, yeye upande huu mimi upande ule, tunatembea tukitazamana.

Na nyumbani ndiko kubaya zaidi. Franck analala sebuleni kwangu. Kila mgeni anayeingia anamwambia mguu wake umenunua roho ya mtu, kisha ananigeukia mimi na kunipongeza kwa kulea mtoto wa namna hiyo. Nimejibu asante mara ngapi sijui. Nikisikia magongo yake yanakuja uani, najifanya nina kazi kwenye mahindi.

Nilijitafutia sababu za kunyamaza, na kila moja ilikuwa na uzito. Nikisema, Tshimanga anatoka kazini na watoto watano. Ninatoka mimi, kwa umri wangu huu, na depo nyingine hazitaki kapita wa miaka arobaini na minane, na kule Kamatanda kwenye mashimo ya wachimba madini siwezi kuingia na kifua changu. Wale saba wataulizwa kwa nini walinyamaza. Na kampuni inayomtibu Franck kama shujaa itasema nini? Nafasi ya kukaa itabaki kweli? Nilijifungia kwa kufuli na ufunguo nikaumeza, halafu nikawa najisifu kwamba ninawalinda watu.

Basi jana Jumamosi nikaamua kukutii wewe. Mamie alikuwa sokoni, watoto wako nje. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya Franck, nikaanza kumweleza habari za Pasaka, heshima ya mama, nafasi ya pointeur. Nilisema maneno mazuri sana, nilijishangaa. Aliniacha nimalize.

Akasema, polepole, bila kupandisha sauti, “Mujomba, ile siku minye nilikuwa nalala ku paleti. Ukuta ilikuwa mbele yangu. Nilimuona Tshimanga anaruka na shati ya kilio. Nilikuona weye unamumwangia chokaa ku kichwa.”

Wiki saba, yaya. Wiki saba mtoto huyu alikula mezani kwangu, akasikia wageni, akakusikia wewe ukimwita asiye na shukrani, na alikuwa anajua.

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

“Nilikuwa nangojea weye,” akasema. “Ni weye ulininyoshea kidole.”

Nikaanza kumtajia zile sababu zangu, kampuni, matibabu, kiti. Akacheka kidogo, kicheko cha baba yake akiwa amechoka. “Chuma iko ndani tayari. Batakuja kuitoa? Na ile kiti, kama ni ya uwongo, minye sitaikalia.” Halafu akavuta magongo yake karibu. Mwishoni akasema, “Anza na mama. Anawaza niko mutoto mubaya. Nyuma ya mama, chef.”

Ndiyo maana barua hii. Kesho Jumatatu, kabla ya kutundika jetoni yoyote, nitaingia ofisini kwa chef Mathieu na kumwambia yote, ya kwangu kwa jina langu. Kuhusu wale saba nitasema niliwaamuru. Tshimanga nimemwambia leo alipotoka kanisani. Alisimama akitazama Biblia yake, akaniuliza kama siwezi kungoja Pasaka ipite. Nikamwambia siwezi tena. Akaondoka bila kuniaga, sijui ataamka na roho gani. Mamie naye nimemwambia. Ameniwekea chakula mezani na kwenda kukaa kwa jirani.

Naogopa, yaya. Sitaki ufikiri nimekuwa hodari. Nimetandika shati la kesho kwenye kiti, na mara mbili nimelirudisha sandukuni na kulitoa tena. Najua desturi ile ya kutundikiana haikuwa mbaya, na Tshimanga hakukosea kumzika aliyemlea. Baya ni pale nilipoulizwa mtu yuko wapi na mtoto wa dada yangu amesimama juu ya magunia.

Uliniachia Franck akiwa na miaka ishirini, pale kituo cha gari la moshi, ukasema mujomba ni mama mwenye ndevu. Sikuwa mama kwake siku ile. Nilikuwa kapita tu. Nakuomba usimgombeze tena kwa jambo hili, wala kwa simu wala kwa mtu. Kama una maneno makali, yamalize kwangu, nimeyastahili. Na safari yako usiifute. Kikapu cha samaki usikipeleke kwenye ibada ile. Njoo umtazame mtoto wako, umpikie hapa nyumbani.

Nisalimie shemeji Évariste, na umweleze kwa namna utakayoona inafaa. Nisalimie mama mkwe wako, Mélanie na mtoto wake mchanga, na Éphraïm ambaye nasikia amemaliza shule. Wanangu wanawasalimu wote. Mungu wa wazazi wetu akuwekee mkono mgongoni usiumie, akupe usingizi baada ya kusoma haya, na barabara ikulete salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata ukinikasirikia,

Barnabé

Nimempa Franck aisome kabla sijaifunga. Ameomba kalamu.

Mama, ni minye Franck. Yote ni kweli, hakuongeza, hakupunguza. Ile siku ya simu nililia kisha weye kukata, lakini ilipita. Minye bado sijamusamehe mujomba. Tafazali weye usitangulie. Unikute hapa, tutamusamehe wote wawili siku moja.